Anayesonga Hufutika

Mojawapo ya picha za kwanza kabisa zenye binadamu ndani yake ilipigwa Paris mwaka wa 1838, na inadanganya. Louis Daguerre aliweka kamera yake dirishani akaielekeza barabara ya Boulevard du Temple. Barabara ile ilikuwa na shughuli kama Tom Mboya Street saa kumi na moja jioni: farasi, mikokoteni, watu wa kila aina. Lakini kwenye picha imebaki nyeupe na tupu, kama usiku wa kafyu. Anayeonekana ni jamaa mmoja pembeni, mguu mmoja juu, akisuguliwa viatu, pamoja na umbo hafifu la anayemsugua. Hao wawili hawakuwa wakubwa kuliko wengine. Walitulia tu. Picha ilichukua dakika kadhaa kujiandika, na kila aliyesonga akafutika.

Wiki hizi nimekuwa nikiirudia picha hiyo kichwani kwa sababu natafuta lenzi. Kocha mmoja wa voliboli ya wasichana, huku kwetu Eastlands, aliniomba picha za wachezaji wake: kila msichana akiwa hewani, uso ukionekana, namba ya jezi ikisomeka. Anataka kuzituma kwa vyuo na klabu zinazotafuta wachezaji, maana siku hizi ukituma jina tupu bila picha wala video hakuna anayekupigia simu. Mechi zao ni za ukumbini. Kamera ninayo, ya mtumba, na lenzi iliyokuja nayo, ile 18-55 ambayo kila mtu anayo. Nje, saa nne asubuhi, lenzi hiyo haina shida na mtu. Ndani ya ukumbi inafanya kama ile ya Daguerre: sakafu safi, wavu safi, refa safi juu ya ngazi yake, na msichana aliyeruka anakuwa moshi.

Acha nipitie hesabu yake haraka, kwa sababu historia yote inayofuata imesimama juu yake. Ukitaka mkono wa mtu anayepiga smashi usimame kwenye picha, shata inafaa ifunguke kwa 1/500 ya sekunde, na 1/1000 ni bora zaidi. Muda mfupi hivyo unaingiza mwanga kiduchu. Kuna njia tatu tu za kufidia: uongeze taa, uongeze wepesi wa filamu au senza (hiyo ndiyo ISO), au upate lenzi yenye tundu kubwa. Tundu hupimwa kwa namba ya f, na namba hiyo huenda kinyume: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara 4 ya f/5.6. Ya f/1.8 inaingiza karibu mara 10. Yangu ya 18-55 ukiivuta hadi mwisho inakwama kwenye f/5.6. Ukumbi ambao mwenye f/2.8 angepiga kwa ISO 3200, mimi nalazimika kwenda 12800, na kamera yangu ikifika huko inatoa picha kama uji wa wimbi.

Kwa hivyo hadithi ya kupiga picha za michezo ndani ya nyumba ni hadithi ya hizo njia tatu, na ya nani alikuwa na pesa za ipi.

Aliyeanza kulishika tatizo hili kwa kalamu alikuwa Josef Petzval, profesa wa hesabu pale Vienna. Lenzi za wakati wake zilitengenezwa na mafundi wa vioo waliosugua, wakajaribu, wakasugua tena. Petzval aliketi akakokotoa njia ya mwanga kupitia kila kioo, na mwaka wa 1840 akawa na lenzi ya takriban f/3.6, wakati ambapo zile zilizotumika kwenye kamera zilikuwa kwenye f/14 au f/16 hivi. Hesabu zilikuwa nyingi mno kwa mtu mmoja, kwa hivyo akaazimwa wanajeshi wa kikosi cha mizinga, kwa sababu hao ndio waliokuwa na mazoea ya kukokotoa. Huwa nacheka nikifikiria hilo. Watu waliofunzwa kulenga makombora wanasaidia kutengeneza kitu cha kupigia picha mabibi harusi.

Voigtländer ndiye aliyeitengeneza na kuiuza. Petzval alilipwa mara moja, Voigtländer akaendelea kuuza lenzi kwa maelfu, na wawili hao wakakosana vibaya. Wasee wa kazi za vibarua mtandaoni wataelewa bila maelezo zaidi.

Lenzi ya Petzval iliokoa uso wa binadamu. Mtu aliyelazimika kukaa dakika nzima nzima bila kupepesa sasa alikaa sekunde chache tu. Lakini alilazimika kukaa. Bondia asingeweza kuingia kwenye picha hiyo isipokuwa asimame studioni, ngumi zikiwa zimeinuliwa, akiwa hapigani na yeyote, na ndivyo mabondia wengi wa karne ya 19 walivyobaki kwenye picha. Ukiwaona unadhani walikuwa watu wapole sana.

Miaka 84 baadaye, mwaka wa 1924, kampuni ya Ernemann ya Dresden, Ujerumani, ilitoa kamera iitwayo Ermanox. Mbele yake ilikuwa na lenzi ya f/2 iliyobuniwa na Ludwig Bertele, kijana aliyezaliwa mwaka wa 1900. Baadaye ikaja ya f/1.8. Itazame tena hiyo namba. Ndiyo ile ile iliyoandikwa kwenye lenzi ninayoitafuta mimi leo, karibu miaka 100 baadaye. Kwenye tundu, mambo yalifika mapema kuliko tunavyodhani. Ermanox inaonekana kichekesho, lenzi kubwa iliyobandikwa kakamera nyuma, lakini ilimpa mwanasheria wa Berlin aitwaye Erich Salomon nafasi ya kuingia mahali ambapo hakuna aliyekuwa amepiga picha bila kuwasha baruti ya mwanga. Alificha kamera ndani ya kofia akapiga kesi mahakamani. Aliingia mikutano ya wanasiasa akawanasa wakipiga miayo baada ya chakula cha usiku. Salomon alikuwa Myahudi, na Wanazi walimuua Auschwitz mwaka wa 1944.

Hata hivyo Salomon alipiga watu waliokaa. Sahani za kioo alizotumia zilikuwa nzito kupokea mwanga, na hata kwa f/2 alihitaji sehemu nzuri ya sekunde, akingoja mtu atulie katikati ya sentensi. Waziri anaweza kutulia. Mtu anayeruka wavuni hawezi. Bertele alihamia Zeiss na miaka ya 1930 akatoa familia ya lenzi za Sonnar, na wakati wa Olimpiki ya Berlin ya 1936 ikatoka Sonnar ya milimita 180 yenye f/2.8, ambayo mpaka leo wapenzi wa kamera za kale huiita Olympia Sonnar. Hapo ndipo wazo la lenzi ya michezo lilipopata umbo tunalolijua: ndefu ya kumvuta mchezaji karibu, na pana ya kula mwanga. Zile lenzi kubwa unazoziona Kasarani zimebebwa na wapiga picha wa mashirika ya habari ni wajukuu zake.

Wamarekani walichukua njia nyingine. Kama ukumbi hauna mwanga, basi tuulete. Pale MIT, Harold Edgerton alikuwa ametengeneza taa za umeme zinazowaka kwa muda mfupi kiasi kwamba risasi inaonekana imesimama hewani. Taa za namna hiyo zikapelekwa kwenye dari za viwanja vya ndani, zikafungwa kwa nyaya hadi kwa mpiga picha aliyeketi chini, na akibonyeza, ukumbi mzima unapata radi yake.

Matunda ya njia hiyo unayajua hata kama hujui jina la aliyeyachuma. Tarehe 25 Mei 1965, katika ukumbi mdogo wa mchezo wa magongo ya barafu mjini Lewiston, jimbo la Maine, Muhammad Ali alimwangusha Sonny Liston raundi ya kwanza. Neil Leifer alikuwa na miaka 22. Alikuwa amekaa kando ya ulingo na kamera ya Rolleiflex, filamu ya rangi ndani, taa zimefungwa juu ya ulingo. Ali akasimama juu ya Liston, mkono umekunjwa kifuani, mdomo wazi, akimfokea ainuke. Taa zile zilihitaji muda kujichaji upya, kwa hivyo Leifer hakuweza kumimina picha kumi na kuchagua moja baadaye. Alipiga ile. Katikati ya miguu ya Ali unamwona mzee mwenye kamera upande wa pili: huyo ni Herb Scharfman, mwenzake kutoka gazeti lile lile la Sports Illustrated, mwenye uzoefu kumshinda, na anayetazama mgongo wa Ali.

Watu hupenda kuisimulia picha hiyo kama hadithi ya bahati ya mahali pa kukaa. Mimi naona dari. Filamu ya rangi ya miaka hiyo ilikuwa nzito, haikuwa na uwezo wa kunasa ngumi kwa taa za kawaida za ulingo. Lile giza zito nyuma ya Ali, na ule mng'ao kwenye misuli yake, vimetoka kwenye taa ambazo mtu alilipwa kupanda na kuzifunga mchana wa siku hiyo. Mwaka uliofuata, Novemba 14, 1966, Leifer alining'iniza kamera juu kabisa ya ulingo wa Astrodome, Houston, akampata Cleveland Williams amelala chali na Ali akienda zake mikono juu, ulingo mzima ukiwa mraba mweupe. Ni picha kali, manze. Lakini nyuma yake kuna ngazi, mafundi, nyaya, na barua ya kuruhusiwa kupanda darini. Mimi hata kuomba tu nisogee karibu na benchi la akiba inabidi nimtafute mtu anayemjua mtu.

Sasa linganisha na mabondia wetu. Philip Waruinge wa Nakuru alipata shaba pale Mexico City 1968, na licha ya kuwa ni shaba akapewa kombe la Val Barker la bondia mwenye ufundi bora wa michezo hiyo yote. Munich 1972 akapata fedha. Robert Wangila alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili kwenye fainali ya Seoul 1988 na kuleta dhahabu ambayo mpaka leo ndiyo pekee ya Kenya katika ndondi za Olimpiki. Alifariki 1994 baada ya pigano Las Vegas. Tunawaona wakiwa ng'ambo, chini ya mwanga uliowekwa kwa ajili ya televisheni. Miaka ile ya mwanzo, ya kumbi za mitaa na balbu moja juu ya kamba, ndiyo ngumu kuipata kwa picha. Walikuwa wakisonga, na waliokuwa na lenzi za kuwasimamisha walikuwa wanawangoja Seoul.

Kuna kitu kingine kuhusu filamu ambacho wapiga picha wetu wa zamani walikijua kwa mikono kabla ya wasomi kukiandika. Kuanzia miaka ya 1950, Kodak walikuwa wakiwapa wenye maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo zikaitwa Shirley. Kama ngozi ya Shirley imetoka vizuri, mashine imepangwa sawa. Ngozi nyeusi ilikuwa inatoka inavyotoka. Mabadiliko yalipokuja, yalisukumwa kwa sehemu na watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti, waliolalamika kwamba bidhaa zao za kahawia hazionekani vizuri kwenye matangazo. Soma tena: chokoleti.

Hili si jambo la makumbusho. Uso mweusi ndani ya ukumbi hafifu uko kwenye sehemu ya chini ya kile ambacho kamera inaweza kurekodi, na huko chini ndiko chengachenga huanzia. Ukimpiga mzungu na Mkenya kwenye ukumbi mmoja kwa f/5.6, wote wawili picha zao zitakuwa mbovu, lakini mzungu atabaki na pua na mdomo. Ndiyo maana nikisoma ushauri wa wapiga picha wa ng'ambo wanaosema f/4 inatosha siku hizi kwa sababu senza zimekuwa nzuri, najua hawakuwa wanafikiria timu ya kocha wangu, jezi ya bluu nzito, ukumbi wenye taa nusu zimekufa. Kwetu hatua moja ya mwanga ndiyo tofauti kati ya msichana mwenye uso na kivuli chenye namba mgongoni.

Kuhusu senza zenyewe, ni kweli zilibadilisha mchezo. Wapiga picha wa magazeti kwa miongo mingi waliishi na Tri-X, filamu ya ISO 400 isiyo na rangi, wakiiacha kwenye dawa muda zaidi ili ifanye kazi kama 1600, na kukubali chembe kubwa kama mchanga. Mwaka wa 2007 Nikon ilitoa D3, kamera iliyopiga ISO 6400 kwa rangi na gazeti likachapisha bila kuona haya. Taa za darini hazikuisha, ila hazikuwa lazima tena. Lakini D3 ilikuwa ya wenye nazo, na kamera za aina yangu, zenye senza ndogo, zinakuja nyuma kwa mwendo wa matatu yenye pancha.

Basi turudi kwenye lenzi. Jibu ambalo kila mtu atakupa ni 70-200 f/2.8. Ni jibu sahihi na halinisaidii. Mpya ni pesa zinazotosha bodaboda mbili, na watu wanaonunua bodaboda mbili hawaziweki kwenye begi wakapanda nazo mathree usiku kutoka ukumbini. Faida yake ni zumu: mchezaji akisogea, unamfuata. Hasara yake, nje ya bei, ni kwamba inaishia f/2.8, na kwenye kumbi zetu nyingi hiyo ni mwanzo wa mazungumzo tu.

Zilizobaki ni lenzi zisizo na zumu. Ya 50mm f/1.8 ndiyo rahisi kuliko zote na ningeishauri kwa yeyote anayeanza na ndondi. Ulingo ni mdogo, unasimama kwenye kamba, na kwenye senza ndogo hiyo 50 inaona kama 75 au 80. Kwa mpira wa vikapu ukiketi chini karibu na goli, pia iko sawa. Kwa voliboli ni fupi. Uwanja wa voliboli una urefu wa mita 18 na upana wa 9, na marefa hawapendi mtu karibu na wavu. Unajikuta mbali, na msichana unayemtaka anajaza robo ya fremu. Ukimkata baadaye kwenye kompyuta ili awe mkubwa, unakuza na chengachenga zake.

Kwa hivyo nimeamua 85mm f/1.8. Canon walitoa ya kwao mwaka wa 1992 na bado inazunguka kwenye soko la mtumba ikiwa nzima, motor yake ya fokasi ina kasi, na kwenye kamera yangu inaona kama 136. Ukumbi ule ule uliohitaji ISO 12800 kwa lenzi yangu ya sasa, kwa f/1.8 unahitaji kama 1300. Kuna gharama. Nikiwa mita 6 kutoka kwa mchezaji, kina cha sehemu iliyo kali kwenye picha ni sentimita 34 hivi, kupita kidogo urefu wa rula ya shule. Akiruka mbele kidogo, wavu unakuwa mkali na yeye anayeyuka. Inabidi nimjue anayeruka kabla hajaruka, yaani nikae mazoezini nijifunze nani hupiga kutoka kushoto na nani humwinulia mpira. Stanley Kubrick alipopiga matukio ya mishumaa kwenye filamu ya Barry Lyndon, ya 1975, kwa lenzi za Zeiss za f/0.7 zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, waigizaji wake walilazimika kukaa kama wamegandishwa kwa sababu hiyo hiyo. Kubrick aliweza kuwaambia watulie.

Jambo moja lenzi haitatui. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za zamani za ukumbini huzima na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini shata ya 1/1000 inaona. Unapiga picha tano mfululizo na moja inatoka njano, nyingine kahawia, nyingine nusu giza. Tangu 2014, Canon walipotoa 7D Mark II, kuna kamera zinazoweza kungoja kilele cha mwanga ndipo zipige. Yangu haingoji mtu. Nitapiga nyingi, nitupe nyingi, na mechi za mchana nitakaa upande ambao madirisha ya juu yako nyuma yangu, jua lisaidie kuficha tabia za taa.

Na kama wewe pia unaenda kununua ya mtumba, beba tochi ya simu. Fungua tundu lote, weka tochi nyuma ya lenzi, tazama kutoka mbele. Vumbi kidogo halina neno. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba kama utando wa buibui kwenye ukingo wa kioo: hiyo ni kuvu, na lenzi iliyokaa miaka mingi kwenye unyevu, tuseme Mombasa bila kabati kavu, huwa nayo mara nyingi. Kisha izungushe hadi f/8, piga, uone kama vipande vya tundu vinafunga na kufunguka bila kunata. Muuzaji akikuharakisha, rudisha na uende duka la pili.